Kutoa kunafundishwaje? Wanafunzi wa Kigoma kati ya sadaka, mchango na msaada

Shule nyingi za mkoa wa Kigoma zina siku yake ya kutoa. Tangazo husomwa mstarini: kila mwanafunzi aje na kipande cha sabuni, au robo ya sukari, au shilingi mia mbili. Viranja wanakusanya, mwalimu wa malezi anahesabu, na Ijumaa ujumbe mdogo unapelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto au wodi ya hospitali. Risala inasomwa, picha zinapigwa, watu wanarudi. Sabuni imefika na itatumika, na hilo ni jema. Lakini Jumatatu mwulize mmoja wa wanafunzi wale: kwa nini mlienda kituo kile, wakati nyuma ya shule yupo bibi anayelea wajukuu watano peke yake? Kwa nini sabuni? Zilipatikana shilingi ngapi? Atakwambia mwalimu ndiye anayejua.

Jibu hilo linanisumbua, kwa sababu linaonyesha mwanafunzi amebeba mzigo tu. Kuiona shida, kuipima, kuchagua na kutoa hesabu, ambako ndiko kazi yenyewe ilipo, kumefanywa na mtu mzima. Naamini kutoa kunafundishika shuleni, na kwamba mkoa kama wetu una kila sababu ya kukufundisha. Sharti lake ni moja: wanafunzi wakabidhiwe uamuzi wa kweli juu ya fedha kidogo ya kweli. Ila kabla ya kufika huko kuna fundo la kufungua, maana watoto wetu wanakua wakiona aina kadhaa za kutoa, zote zikiitwa msaada, na hakuna anayekaa nao kuwaeleza kwamba kila moja ina kanuni zake.

Aina nne ndani ya mji mmoja

Mtoto wa Ujiji hukutana kwanza na kutoa kwa amri ya dini. Zaka ya mali ni 2.5% ya mali iliyofikia kiwango, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula, takriban kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa kila kichwa cha nyumba, na hutolewa kabla ya swala ya Idi. Kwa jirani yake Mkristo kuna fungu la kumi, sadaka ya Jumapili, na makusanyo ya kuwasaidia wahitaji kupitia jumuiya ndogondogo. Mtoaji wa namna hii hangoji kuguswa moyo ndipo atoe. Ameamriwa, na aliye maskini ana haki ndani ya mali ile. Kurani inasema hivyo waziwazi katika Suratu Dhariyat aya ya 19, kwamba katika mali ya wacha Mungu imo haki ya anayeomba na ya asiyeomba.

Hapa pana hazina ambayo walimu wengi wanaipita. Aya ya 60 ya Suratu Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka. Wanafunzi hukumbuka mafukara na masikini, basi. Lakini orodha ile ina pia wenye madeni, na msafiri aliyekwama njiani. Iandike ubaoni, waulize wanafunzi watu hao wanatofautianaje, na hata wasio Waislamu wataanza kuona kwamba shida si moja. Yuko aliyekosa tangu jana, yuko mwenye duka lililofungwa kwa deni, na yuko aliyekuwa na shamba na ng'ombe kwao ila leo yuko hapa na mfuko mmoja wa nguo. Huyu wa mwisho, kwa mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo, wilaya zilizopokea wakimbizi, ana sura anazozifahamu.

Aina ya pili ni mchango wa kusaidiana: msiba, ugonjwa, harusi, kikundi cha kufa na kuzikana, mfuko wa jamii ndani ya VICOBA. Hapa mtoaji wa leo ni mpokeaji wa kesho, na daftari lipo. Mara nyingi kijana wa nyumba ndiye anayetumwa kupeleka rambirambi, kwa hiyo anaijua kanuni bila kufundishwa: usipozika wenzako, nani atakuzika? Ni mfumo wenye nguvu kuliko mwingine wowote tulio nao, na umebeba familia nyingi pasipo serikali wala shirika kujua. Una kasoro moja kubwa, nayo ni lazima wanafunzi waione. Asiye na ada ya mwezi hutoka kikundini. Mjane aliyeshindwa kulipa kwa miezi sita ndiye anayeuhitaji mfuko kuliko wote, na ndiye jina lake limekwisha kukatwa. Mchango wa kusaidiana huwashika walio juu kidogo ya ufukara. Aliyezama chini kabisa unampita.

Ya tatu ni michango ya maendeleo: madawati, maboma ya madarasa, na wakati ule wa 2014 na 2015, maabara za sekondari za kata. Wazazi wanaikumbuka vizuri kampeni ile. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kwa elimumsingi kuanzia Januari 2016, na kinachobaki kinapaswa kuwa hiari ya mzazi na jamii. Mtoto aliyemwona mtendaji akimfuata baba yake mlangoni kwa ajili ya mchango, kisha akasimama darasani kukariri kwamba kutoa ni moyo usambe ni utajiri, ana haki ya kuchanganyikiwa. Mwalimu amwambie ukweli: mchango wa namna hii ni ndugu wa kodi. Una faida yake, ila upimwe kwa maswali ya kodi. Nani ameidhinisha? Risiti iko wapi? Jengo limefikia wapi?

Na ya nne, ambayo Kigoma inayo kuliko mikoa mingi ya Tanzania, ni msaada wa mashirika. Wakimbizi wa Burundi walianza kuingia kwa wingi mwaka 1972, na wengi wao walipewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande ambao leo ni Katavi. Wakaja wengine 1993. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita ya Kongo, na mwaka 2015 Warundi wakamiminika tena. Mwezi Mei mwaka ule makumi ya maelfu ya watu walikwama kwenye kijiji kidogo cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kwenda Kigoma mjini, ambako walipokewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini. Watoto waliozaliwa tangu hapo wamezoea kuona magari meupe yenye nembo yakielekea Kasulu na Kibondo, na wengi wamejifunza, bila mtu kuwafundisha, kwamba mtoaji ni mgeni mwenye gari na mpokeaji ni mtu mwenye kadi.

Fundisho hilo la kimyakimya linahitaji kusahihishwa kwa habari kamili. Fedha ya mashirika hutoka kwenye kodi za wananchi wa nchi nyingine na kwa watu binafsi wanaochanga kidogokidogo kama sisi. Ina bajeti, ina ripoti, ina mkaguzi, na inaweza kukatika: mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi waliopo Tanzania ulipunguzwa hadi nusu ya kiwango kamili kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Na kabla ya hema la kwanza kusimama Kagunga, watu wale walikuwa juu ya ardhi ya wanakijiji, wakichota maji yale yale ya wanakijiji. Wanakijiji wa Kagunga nao ni watoaji katika habari hii, ingawa hakuna nembo iliyobandikwa mlangoni mwao.

Waanzie nyumbani, lakini kwa staha

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza halina gharama. Kwa mwezi mmoja kila mwanafunzi aandike kwenye daftari lake kila kitu ambacho nyumba yao imetoa na kupokea nje ya kununua na kuuza: chumvi iliyoazimwa, rambirambi, chakula cha Idi, kuni alizobebewa mzee, siku moja ya kulima shamba la mgonjwa, fedha iliyotumwa kwa simu na mjomba aliye Dar es Salaam. Wasiandike majina. Mwisho wa mwezi madaftari yasisomwe mbele ya darasa. Kila mmoja atoe jumla zake kwenye kikaratasi kisicho na jina, na darasa lijumlishe ubaoni.

Staha hiyo ina sababu. Katika darasa lolote la Kigoma wamo watoto ambao nyumba zao zinapokea kuliko zinavyotoa. Wapo wa kaya za TASAF, wapo wanaokula kwa jirani. Somo la kutoa linaloligawa darasa kuwa watoaji na wapewaji limekwisha kuharibika siku ya kwanza. Mezani pakiwekwa jumla ya wote, kazi za mikono zikihesabiwa sawa na fedha, mtoto yule wa kaya maskini anaona kwamba nyumba yao imo kwenye upande wa kutoa pia: mama yake alikesha na mama mwingine wodini, kaka yake alibeba jeneza. Nasema hivi kwa kuwa naamini ni kweli, na si kumpoza mtoto moyo. Watu maskini wa mkoa huu hutoa muda na nguvu zao kwa wingi ambao hakuna mtu anayeuandika.

Baada ya hapo ndipo pa kuuliza shida inatoka wapi. Mfano wa karibu ni wa mwaka 2024, pale serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Chukua kaya moja ya mwalo, yaani mahali wavuvi wanapopakulia samaki, wa Kibirizi au Katonga mwezi Julai mwaka ule. Baba hana pa kwenda usiku, mama mwanikaji hana dagaa wa kuanika, muuza mkaa na mama lishe wa mwaloni hawana wateja. Wanafunzi wakipeleka unga wamefanya vyema, njaa haingoji. Lakini waulizwe: unga huu unajibu swali gani? Hawa watu wana ujuzi na wana vyombo. Walichokosa ni kipato kwa miezi mitatu inayojulikana tarehe zake. Je, kikundi kingeanza kuweka akiba mwezi Januari? Je, yupo anayehitaji mtaji wa kuuza mboga kwa kipindi kile tu? Je, kuna la kumwambia afisa uvuvi? Wakati mwingine zawadi inayofaa ni akiba iliyoanza mapema, au mkopo mdogo usio na riba, au barua.

Hata katika miezi ya kawaida mwalo una kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, vyombo hupumzika na mifuko hukauka. Shule iliyo jirani na mwalo inayotangaza changizo wakati wa mbalamwezi imechagua siku mbaya, na inawaumbua watoto bila kukusudia. Mwanafunzi anayefahamu hilo amekwisha kujua jambo kubwa kuhusu kutoa, kwamba wakati nao ni sehemu ya zawadi.

Fedha yao, uamuzi wao

Sasa fedha. Isikusanywe kwa wazazi. Ikikusanywa itageuka mchango wa aina ya tatu, na somo litakufa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kila shule iwe na mahali inapozalisha, na wanafunzi washiriki kuamua juu ya kile walichozalisha. Shule nyingi zililichukua shamba zikauacha uamuzi. Nadhani hapo ndipo pa kurudi. Bustani ya mchicha karibu na bomba huvunwa ndani ya mwezi. Kitalu cha michikichi kinachelewa zaidi, ila kwa Kigoma kina soko: tangu serikali iweke nguvu kwenye zao hili, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kianze kuzalisha mbegu bora za michikichi ya aina ya tenera, wakulima wengi wanataka miche. Ufugaji wa kuku unawezekana pia, kama yupo wa kuwatazama likizo.

Tuseme muhula umeisha na bustani imeingiza shilingi 80,000. Ni fedha ndogo, na udogo wake ndio unaofundisha, kwa sababu haitoshi kila kitu. Wanafunzi wagawanyike makundi, kila kundi litoke na kutafuta shida moja ndani ya kata, lirudi na pendekezo. Kundi la kwanza limeleta habari ya msichana wa kidato cha kwanza anayekosa shule kwa kukosa viatu na sketi. La pili linataka taulo za kike ziwekwe kwa matroni, msichana yeyote azipate bila kuulizwa maswali. La tatu limeona kituo cha maji cha mtaa kinavuja kwenye koki, na maji yanakatika saa nne asubuhi.

Usimwachie mwalimu amalize ubishi huu kwa dakika tano. Uchukue vipindi viwili, hata vitatu. Je, ni bora kumsaidia mmoja mpaka shida yake iishe, au mia moja kwa kipimo kidogo? Tukimvisha yule msichana, je, tunajua wako wangapi kama yeye, na watajisikiaje wakimwona? Taulo zitaisha baada ya miezi miwili. Je, tunayo ahadi ya muhula ujao? Kuhusu koki, lipo swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi: hii ni kazi ya nani? Huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na watumiaji wana chombo chao kinachokusanya fedha za matengenezo. Ikiwa wananchi wamekwisha kulipia, basi wanafunzi wakitoa 80,000 watakuwa wamelipa mara ya pili kitu ambacho ni haki. Hapo jambo la kufanya ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na wa chombo cha maji na barua yenye sahihi. Kijana anayeweza kutenganisha kati ya mahali pa kutoa na mahali pa kudai amepata elimu ambayo itamfaa maisha yake yote ya uraia. Mimi nikiulizwa, ningesema hiki ndicho kiini cha somo zima.

Njia ya kuwapa wanafunzi fedha halisi waamue imejaribiwa kwingine. Scotland, shule nyingi za sekondari zina mpango ambamo wanafunzi hujigawa vikundi, huchunguza mashirika ya hisani yaliyo katika mji wao, huyatembelea, kisha husimama mbele ya jopo kuyatetea. Kikundi kinachoshinda hulipatia shirika lake pauni 3,000 kutoka kwa mfadhili wa mpango. Sisi hatuna mfadhili huyo, na sidhani tumngoje. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba vijijini kwetu mashirika yaliyosajiliwa ni machache, kwa hiyo wanafunzi watachunguza kaya na vikundi badala ya mashirika, na hilo linahitaji adabu kubwa zaidi kwa kuwa wanaingia majumbani mwa watu.

Mifano ya kujifunzia tunayo papa hapa. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unaanza na mkutano wa kijiji, ambamo wananchi wenyewe hutaja kaya zilizo na hali ngumu, kisha ndipo vigezo vya kitaalamu huingia. Mwiteni mwezeshaji mmoja aje darasani aeleze mabishano yanayotokea pale. Je, mwenye bati na asiye na chakula ni maskini? Je, jirani anaweza kumwacha mtu kwa chuki? Na kuna habari ya Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vilivyozunguka hifadhi, baada ya kuona milima imevuliwa miti. Waliokuja na wazo la kupanda miti walikaa kwanza na wanakijiji kuwasikiliza, na wanakijiji wakaweka mbele afya, chakula na shule. Mradi ukaanzia huko. Aliyeulizwa ana shida gani na akajibiwa alichosema, baadaye alikubali kujadili msitu. Miaka mitatu kabla, mwaka 1991, Goodall alikuwa ameanzisha klabu za Roots & Shoots akiwa na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, kwa msingi huohuo: vijana ndio wanaochagua tatizo la kushughulikia. Goodall alifariki Oktoba 2025, na klabu hizo bado zipo katika shule za mkoa huu. Shule isiyojua pa kuanzia inaweza kujipachika kwenye klabu kama hiyo bila kubuni chombo kipya.

Kwenye ratiba nako kuna nafasi. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na elimu ya biashara imeingia sekondari. Kipindi cha maadili kinaweza kubeba mjadala, na cha biashara kikabeba daftari la fedha.

Hesabu na heshima

Daftari hilo liwe na safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wanafunzi wawili watie sahihi, mwalimu awe wa tatu. Ukurasa wa mwezi ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na karatasi ya manunuzi pembeni yake. Nasisitiza kubandika kwa sababu vijana wetu wamesikia habari nyingi za michango iliyoyeyuka, na wengine wameanza kuamini kwamba kila anayekusanya anakula. Imani hiyo inaua utoaji kuliko umaskini unavyouua. Dawa yake ni kijana wa miaka kumi na sita aliyewahi kushika fedha ya wenzake na kuirudisha yote kwa hesabu, mbele ya macho yao.

Kuhusu heshima, nianze na picha. Mtoto aliyepewa madaftari akiwa ameshika madaftari, nyuma yake bango la shule, picha ikaenda kwenye makundi ya WhatsApp ya wilaya nzima: jambo hili limekuwa la kawaida, na naomba likome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo mzazi au mlezi lazima aridhie. Lakini hata pasingekuwa na sheria, Injili ya Mathayo sura ya 6 inasema mkono wa kushoto usijue utendacho mkono wa kuume, na Hadithi ya Mtume inamsifu kwa maneno yanayofanana na hayo mtu anayetoa kwa siri. Msikiti na kanisa vya Kigoma vinakubaliana hapa kabisa. Shule ikitaka kuonyesha kazi yake, ipige picha bustani, daftari na wanafunzi wakijadiliana.

Jambo la pili ni ziara za vituo vya watoto. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaoishi kwenye vituo wana mzazi au ndugu aliye hai. Kilichowapeleka kituoni mara nyingi ni umaskini wa nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kupakia sabuni, ongeeni na afisa ustawi wa jamii wa kata au wa wilaya. Anaweza kuwaonyesha bibi anayelea wajukuu, ambaye kwa msaada kidogo wa kila muhula hatalazimika kuwapeleka popote. Kituo kilichosajiliwa nacho kiulizwe kinahitaji nini. Vingi vimejaa sabuni mwezi Desemba na havina hata fedha ya nauli mwezi Machi.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita kuna utoaji mwingine usiohitaji bustani. Mtu mwenye afya njema, wa miaka 18 na kuendelea, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia damu. Mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Malaria kali huwamaliza damu watoto wadogo, na wajawazito wanaotokwa na damu wakati wa kujifungua nao huihitaji. Hospitali ya Maweni hapa, kama Kitete kule Tabora, hutegemea watu waliojitolea kabla shida haijafika. Mchangiaji hamjui atakayeipokea, na mpokeaji hamjui wa kumshukuru. Kijana aliyewahi kulala kwenye kitanda kile kwa dakika kumi anaelewa sadaka ya siri bila mahubiri.

Mwisho wa mwaka wanafunzi warudi kwa waliowapa. Wachache tu, wawili au watatu, bila kamera, na maswali mafupi: kitu tulicholeta kilifaa? Kilidumu muda gani? Kama tungeuliza kwanza, ungechagua nini? Majibu yaandikwe kwenye daftari lilelile la fedha, nyuma ya hesabu, yawe mazuri au mabaya. Bibi akisema angependelea mbegu za maharage kuliko blanketi, iandikwe mbegu za maharage. Januari, wanafunzi wapya wakija kugawana makundi, wasome kurasa hizo kabla hawajatoka kwenda mtaani.